Mgeni Aliyeitwa Shangazi

Chwa, chwa, chwa. Gizani, kabla mtu yeyote hajawasha taa, ndala za mtu mzima zilikuwa zikiburutwa kwenye sakafu ya saruji na miguu isiyojaa hata nusu yake. Mama Bobini alisikia, akatabasamu bila kufumbua macho. Mwenye miguu alimjua, na safari yake aliijua: kutoka kitandani hadi mlangoni, kisha kuvuka ukumbi mwembamba wa nyumba ya wapangaji hadi chumba cha Bi Fundi, ambako cherehani huamka mapema kuliko watu.

Mlango wa pili ukalia.

"Heee! Bosi wangu kashafika kazini," sauti ya Bi Fundi ikasema. "Na viatu vya nani hivyo?"

"Vya mama."

"Na mama atavaa vyako? Haya, pita, kaa pale kwenye vitambaa. Mkasi usiguse."

Mama Bobini akajivutia shuka. Kile kilikuwa kipande cha usingizi alichopewa bure kila alfajiri, na kila alfajiri alikishukuru kabla hajakimaliza. Mumewe alikuwa kambini na wajenzi wa barabara, wa kuja mwisho wa mwezi na vumbi lake. Yeye mwenyewe mchana alikunja mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na jioni mara mbili kwa wiki alikwenda darasani, maana alikuwa na ndoto ya kuwa ofisa ustawi wa jamii. Mtoto wa miaka miwili na kitu angemweka wapi katikati ya hayo yote, kama si nyuma ya mlango ule wa pili? Hata jina la Bobini alilipatia huko. Bi Fundi alimwona akibingirika chini ya meza, mviringo, hatulii, akasema huyu si mtoto, huyu ni bobini ya uzi imechomoka kwenye cherehani. Basi, jina alilopewa na baba yake likabaki la kwenye cheti.

Darasa lenyewe lilifundisha sayansi ya jamii kwa watu waliokuwa wamechoka tayari. Walikutana kwenye shule ya msingi baada ya watoto kuondoka, wakajibana kwenye madawati ya watoto hao, magoti yakigusa videvu. Kulikuwa na karani wa mahakama, mama mnene mwenye sauti laini na mkoba mkubwa. Kulikuwa na fundi bomba, kijana aliyeamini kwamba akikaa kimya dakika nzima ataumwa. Na mbele yao alisimama mhadhiri, mwanamke mrefu mpole, ambaye naye alitoka kufundisha kwingine asubuhi na hakuwahi kulalamika.

Wiki ile mhadhiri alikuja na dhana ya mfungamano wa mtoto na mlezi wake.

"Mtoto aliye salama," alisema, "ni kama mtu mwenye nyumba. Anatoka kutembea bila wasiwasi kwa sababu ana pa kurudi. Sasa, wataalamu walijiuliza: tutajuaje kama mtoto ana pa kurudi, na yeye hajui kujieleza? Wakabuni jaribio."

Jaribio lilikuwa rahisi. Mama na mtoto wanakaa chumbani na vitu vya kuchezea. Anaingia mgeni ambaye mtoto hajawahi kumwona. Mama anatoka. Baada ya muda anarudi. Mtoto mwenye mfungamano mzuri, kitabu kilisema, kwa kawaida atasononeka mama akitoka, na akirudi atamkimbilia, atatulia mikononi mwake, kisha ataendelea na michezo.

"Nani ana mtoto wa umri huo tufanye zoezi?"

Mkono wa Mama Bobini ulikuwa juu kabla akili yake haijaulizwa. Si alikuwa amemsifia mwanawe mpaka wenzake wamemkoma?

Siku ya zoezi nyumba nzima ilishiriki. Bi Fundi alishona gauni la njano lenye mifuko miwili. Mke wa kinyozi wa chumba cha mwisho alimpaka Bobini mafuta magotini mpaka yakang'aa. Kinyozi mwenyewe akatoka na wembe mkononi kuuliza kama mtoto anakwenda kuolewa.

"Anakwenda chuo," Bi Fundi akamjibu. "Wewe ulifika chuo ukiwa na umri gani?"

"Mimi bado niko njiani, Bi Fundi."

Darasani walitandika mkeka mbele ya ubao, wakaweka magari ya mbao na vikombe vya plastiki. Wanafunzi walikaa nyuma, wameambiwa wawe kimya kama makabati. Bobini alichagua gari, akalizungusha kwenye mkeka. Mlango ukagongwa, akaingia karani wa mahakama na mkoba wake, kwa kuwa yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwa mgeni.

"Bobini, njoo umsalimie shangazi," Mama Bobini akasema.

Bobini akaenda, akatoa mkono.

"Hujambo, mwanangu! Jamani, gauni hilo! Lina hadi mifuko!"

Mhadhiri akatoa ishara. Mama Bobini akainuka. "Nakuja sasa hivi. Baki na shangazi, eti?" Akatoka, akajibanza kwenye ukuta wa nje ya darasa, akisubiri kilio. Hata mkono aliuweka tayari kwenye kitasa, ili kilio kikianza tu aingie ampokee mwanawe.

Kilio hakikuja. Alisikia kicheko, na kicheko kile alikifahamu. Kilikuwa cha Bobini anapopewa kitu cha kuchokoa.

Aliporudi ndani alimkuta mwanawe amekaa kwenye mapaja ya karani, mkoba uko wazi, kioo cha mkononi kimekuwa barabara ya gari la mbao. Bobini aliinua macho. Akamwona mama yake. Akageuza shingo, akatazama nyuma darasani, sura moja baada ya nyingine, kama anayetafuta mtu. Kisha akarudi kwenye mkoba.

"Huyu ukimsahau stendi," fundi bomba akasema, "atakuwa amepata familia nyingine kabla basi halijang'oka."

Darasa likaangua kicheko. Hata Mama Bobini alicheka, kile kicheko cha kulinda uso. Lakini mmoja wa wanafunzi alikuwa tayari amefungua kitabu kwenye ukurasa wa aina za mfungamano, na akasoma kwa sauti, kwa nia njema kabisa: mtoto asiyelia mama akitoka, asiyemkimbilia akirudi, ana mfungamano wa kukwepa. Amejifunza kutotegemea faraja. "Mara nyingi mama wa mtoto wa aina hii huwa..."

"Hapo inatosha," mhadhiri akamkata. "Hili ni zoezi, jamani, si hukumu."

Ilitosha kweli. Nusu ya sentensi ilikuwa imeshaingia, na nusu iliyobaki Mama Bobini aliimalizia mwenyewe njia nzima, mtoto amelala begani, mate yakimlowesha shingo.

*

"Naacha darasa," alimwambia Bi Fundi jioni ile ile, amesimama mlangoni pake.

Bi Fundi alikuwa ameshika pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichoma kwenye mto wake mdogo. "Nani kakutukana?"

"Hakuna aliyenitukana. Mtoto hanijui, Bi Fundi. Nimetoka, hakulia. Nimerudi, kaniangalia kama kondakta."

"Sasa ulitaka alie ili iweje? Mtoto katulia kwa watu, wewe unaumia?"

"Kitabu kinasema mtoto asiyelia ameshakata tamaa. Amezoea kuachwa. Anakwenda kwa yeyote kwa sababu... kwa sababu hana wake."

Mguu wa Bi Fundi ukaacha pedali.

"Hana wake," akarudia. "Mimi nimemnywesha uji tangu hajaota meno. Mke wa kinyozi kambeba mgongoni na homa yake wiki ile umebanwa kazini. Kumbe kote huko mtoto alikuwa kaachwa. Kumbe sisi ndio tuliomharibu."

"Sijasema hivyo, Bi Fundi."

"Kitabu chako kimesema." Akarudisha pini mdomoni, na mtu mwenye pini mdomoni hajibizwi.

Siku zilizofuata zilikuwa na baridi ambayo haikutoka nje. Alfajiri ndala ziliburutwa kama kawaida, mlango wa pili ulifunguka kama kawaida, lakini Bi Fundi hakusema tena 'bosi' wala 'kazini'. Na jioni ya darasa ilipofika, Mama Bobini hakwenda. Alifunga mlango wa chumba chake, akakaa chini na mwanawe, akapanga vifuniko vya chupa mstari mmoja. Leo, alijiambia, ni mimi na wewe tu.

Bobini alicheza kidogo. Akasikia wateja wa Bi Fundi wakicheka upande wa pili. Akainuka, akaenda mlangoni, akaweka viganja vyote viwili kwenye mbao.

"Fungua."

"Si tunacheza, mwanangu? Njoo uone, hii ni treni."

"Mama, fungua."

Akafungua. Angefanyaje? Bobini akavuka ukumbi, na Mama Bobini akabaki amechuchumaa mbele ya treni yake ya vifuniko. Hapo ndipo hofu iliyokuwa imejificha ikasema jina lake: labda kwa mtoto huyu mimi ni mmoja tu miongoni mwa wengi. Watu walimpenda mwanawe, na hilo lilikuwa jema. Lakini yeye alitaka kujua, japo kwa dalili ndogo kama punje, kwamba mtoto alimtofautisha. Kama hakumtofautisha, basi cheti cha chuo hakikuwa na maana yoyote, angekipeleka wapi?

*

Jumamosi asubuhi alikuwa bombani uani, akisuuza sare zake za kazi. Bi Fundi alikuwa kwenye ngazi akifumua pindo la suruali ya mteja. Walikuwa wamesalimiana, lakini kwa ile sauti ya watu wanaosalimiana kwa sababu ya majirani.

Lango likafunguka, akaingia mwanamume mwenye tochi na kofia ya kampuni ya maji. Hakuna aliyewahi kumwona, kwa kuwa msoma mita wa zamani alikuwa amestaafu.

"Hodi wenyewe. Mita iko wapi?"

"Nyuma ya choo," kinyozi akajibu kutoka mlangoni pake. "Mjomba, chai iko motoni, ukimaliza."

"Bobini, msalimie mjomba," Bi Fundi akasema bila kuinua macho kwenye uzi wake.

Bobini akatoa mkono. Msoma mita akaupokea, akampa na tochi aishike, na wawili wale wakaelekea nyuma ya choo kama watu waliofanya kazi pamoja miaka mingi.

Mama Bobini alisimama na sare mkononi, maji yakimtiririkia miguuni.

"Bi Fundi. Yule unamjua?"

"Nimjue wapi?"

"Sasa umjomba umetoka wapi?"

Bi Fundi akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua inanyesha chini. "Ulitaka nimwiteje mbele ya mtoto? Wewe Mwenye Mita?"

"Mimi ni mjomba wa nyumba zote za mtaa huu," sauti ikatoka nyuma ya choo. "Isipokuwa zile zenye mbwa!"

Kinyozi akacheka. Mama Bobini hakucheka. Alikuwa amerudi darasani, kwenye mkeka, mlango umegongwa. Karani wa mahakama ameingia, na kabla hata hajatua mkoba wake, nani aliyesema neno? Ni yeye. Bobini, njoo umsalimie shangazi. Kisha karani naye akajibu mwanangu. Mgeni wa jaribio alifia mlangoni, akaingia shangazi, na darasa zima la watu wazima wanaosoma sayansi ya jamii likakaa pale kama makabati bila kuliona hilo. Wangelionaje? Kila mmoja wao angesema neno lile lile. Kumwachia mtoto mtu asiye na jina la undugu, sura kavu, ni utovu wa adabu. Na Bobini, aliyeachwa mikononi mwa shangazi, angelia kwa lipi?

Wale watoto wa kitabu, aliwaza, walikuwa na nyumba zao na milango yao. Labda huko mgeni aliingia akabaki mgeni, na kila siku uso uliomjibu mtoto ulikuwa ule ule mmoja. Kilio chao kilikuwa cha kweli. Ila hakikuwa kimeshonwa kwa mwili wa Bobini.

Akatupa sare kwenye beseni, akaenda kukaa kwenye ngazi.

"Bi Fundi, nilikukosea."

"Ulinikosea kweli."

"Nilichukua maneno ya kitabu nikakurushia usoni, wewe ambaye bila wewe hata hicho kitabu nisingekifungua. Tangu nimehamia hapa hujawahi kunifungia mlango. Sijakushukuru hata siku moja kwa mdomo. Nakushukuru kila alfajiri, lakini nimelala."

Bi Fundi akakata uzi kwa meno. Macho yake yalikuwa yameanza kung'aa, akayapeleka kwenye suruali. "Mtu analala halafu anashukuru. Ndiyo usomi huo?" Kisha, taratibu: "Nenda darasani, mwanangu. Mtaa mzima nimeshautangazia kwamba nyumba yetu ina ofisa. Usinitie aibu."

*

Darasani alisimama kabla somo halijaanza, kwa kuwa alijua akikaa hatasimama tena. Akaeleza yote, mita, tochi, choo na mjomba wake. Alipofika kwenye neno shangazi, karani wa mahakama alijiziba mdomo.

"Na mimi nikamwita mwanangu!"

"Ulimwita."

"Jamani, mimi nilipewa kazi moja tu, kuwa mgeni, ikanishinda!"

Mhadhiri alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akaanza kucheka peke yake. "Miaka mingi nimelifundisha jaribio hili," alisema. "Na siku ile nilikuwa nimesimama pale pale. Nilisikia 'shangazi' na moyoni nikasema, mtoto huyu amelelewa vizuri."

Fundi bomba akanyoosha mkono, na safari hii hakuwa na mzaha. "Lakini dada yangu, hiyo si hatari? Kila kipimo kikitupa jibu chungu tutasema si chetu, ni cha kwao. Mtoto aliyetelekezwa kweli je? Naye tutamwambia ana mashangazi wengi?"

Darasa likamgeukia Mama Bobini. Swali lilikuwa la haki, na yeye ndiye aliyekuwa ameliogopa kuliko wote.

"Sijasema mwanangu hana tatizo," alisema mwishowe. "Nimesema hatujampima. Sijui bado. Na nataka kujua kuliko mtu yeyote humu ndani."

"Hapo hapo," mhadhiri akasema. Akachukua chaki, kisha akairudisha bila kuandika. "Swali halina kosa. Mtoto wa mahali popote anahitaji pa kurudi, hilo twende nalo kokote. Kilichotuponza ni kubeba na dalili yake nzima nzima, kana kwamba kila mtoto hurudi nyumbani kwa mlango mmoja. Dalili lazima mtu akaitafute upya, tena kwa kukaa na kuangalia. Basi nendeni nyumbani. Msipange kitu, msimwite mgeni. Angalieni tu mtu akitoka na akirudi, watoto wenu wanafanya nini." Akamtazama. "Na asante, Mama Bobini. Umenifundisha somo langu mwenyewe, na limependeza zaidi."

Alirudi nyumbani bado kuna mwanga kidogo mitaani. Alitembea akiwa mwepesi, akiwashukuru kimoyomoyo mmoja baada ya mwingine: mhadhiri, karani, hata fundi bomba na swali lake gumu. Lakini alipokaribia lango, wepesi ule ukapungua. Kazi ya kuangalia ilikuwa imebaki, na jibu lingeweza kuwa lolote.

Aliingia uani polepole. Kinyozi alikuwa anafagia nywele, akamwinulia mkono. Akamjibu kwa neno moja, chini chini, akaingia kwenye ukumbi ambao taa yake ilikuwa haijawashwa.

Mlango wa Bi Fundi ulikuwa wazi kama siku zote. Chumba kilijaa. Wateja wawili walikuwa wakibishana kuhusu urefu wa mikono ya blauzi, mke wa kinyozi alikuwa akipiga pasi huku anawachochea, cherehani ilikuwa ikikimbia, na Bobini amekaa juu ya rundo la vitambaa akichora sakafu kwa chaki ya fundi. Hakuna aliyemwona Mama Bobini pale gizani, wala aliyesikia chochote.

Chaki ya Bobini ikasimama.

Aliinua kichwa, akasikiliza. Hakulia, hakukimbia. Alijiinua kwa kushika mguu wa meza, mikono myeupe kwa chaki, akawatazama watu wake wote chumbani, mmoja mmoja, vile vile alivyotafuta siku ile darasani, kama mtu mwenye habari kubwa anayesubiri wenzake wanyamaze. Mguu wa Bi Fundi ukaacha pedali. Wateja wakakatiza ubishi wao. Pasi ikatua.

"Mama amerudi," Bobini akawaambia.